Pimeni Maji Kabla ya Baruti

Hotuba mbele ya madiwani, watendaji na wenyeviti wa vijiji, Ludewa, mkoa wa Njombe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha: kamwene.

Nimekuja kwa barabara ya zege, ile ya Lusitu hadi Mawengi. Mara ya kwanza nilipokuja huku tulilisukuma gari mara tatu, na mara ya nne dereva akatuambia tupumzike, tutaendelea kesho. Leo nimefika kabla ya wenyeji wangu. Nawapongeza kwa barabara, ingawa mnajua wenyewe kwamba zege lile halikumwagwa kwa ajili ya magunia ya mahindi peke yake.

Nimeombwa nizungumzie tathmini ya athari kwa mazingira, ile tunayoiita TAM maofisini, kwa mgodi wa wazi wa chuma unaotarajiwa kwenye mlima wa Liganga, humu wilayani. Nimepewa dakika arobaini. Mwenyekiti, nikizidisha, gonga meza.

Naanza na mavi ya chuma. Vijana msicheke, ndilo jina lake kwa Kiswahili. Ni yale mabonge meusi, mazito, yenye matundu, ambayo jembe huyagonga mtu anapolima shamba la babu yake. Ni masalia ya tanuri. Wapangwa wa huku na Wakinga wa kule milimani walikuwa wahunzi kabla Mjerumani hajaonekana. Waliokota mawe ya chuma, wakayayeyusha kwa makaa ya miti na mivukuto, wakafua majembe, na jembe wakati ule lilikuwa mali ya kutolea mahari. Basi mtu akiwaambia kwamba chuma cha Liganga kiligunduliwa na wataalamu, mwambieni kwa upole kwamba wataalamu walikuja kukipima. Kilikuwa kinajulikana.

Walichokipima ni kikubwa. Liganga inakadiriwa kuwa na tani milioni 126 za mawe ya chuma, na ndani yake mna metali nyingine, titani na vanadi. Mchuchuma, jirani hapo, kuna makaa ya mawe tani milioni 428. Septemba 2011 ulisainiwa mkataba wa ubia kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lenye asilimia 20, na kampuni ya Sichuan Hongda ya China yenye asilimia 80. Mradi wa dola bilioni 3: mgodi wa chuma, mgodi wa makaa, kinu cha kuyeyushia, umeme wa megawati 600. Kilichofuata mnakijua kuliko mimi. Mabishano ya misamaha ya kodi, mapitio ya mkataba, ziara za viongozi, picha na kofia za plastiki. Watu wa vijiji vya Mundindi na Amani walikaa miaka wakiambiwa wasijenge wala wasipande miti ya kudumu kwa kuwa fidia inakuja. Mwaka 2023 ndipo Serikali ilipotoa zaidi ya shilingi bilioni 15 kuwalipa wananchi wa miradi hii miwili.

Sasa nitasema jambo ambalo pengine halitapendwa na kila mtu humu. Kuchelewa kule, pamoja na maumivu yake yote, kumewaachia kitu ambacho vijiji vingi vya migodi nchini havikukipata. Mlima bado uko mzima. Chemchemi bado zinatoka zilivyotoka enzi za babu zenu. Maana yake mnaweza kuzipima. Na leo nimekuja kuwashawishi kuhusu kitu hicho kimoja, kupima. Mengine nitayagusa tu.

Kwanza tuelewane mgodi wa wazi ni nini. Mgodi wa chini kwa chini hutoboa kama fuko. Mgodi wa wazi humenya. Unaondoa miti, kisha udongo wa rutuba, kisha mwamba usio na faida, ndipo unakutana na mawe yenyewe. Unashuka kwa ngazi ngazi kama majukwaa ya uwanja wa mpira, na kila ngazi inafunguliwa kwa baruti. Ule mwamba usio na faida, ambao wenzetu wa Geita na Tarime huuita magwangala, unarundikwa pembeni mpaka unakuwa mlima mwingine. Mawe yenye chuma yanapondwa, yanasagwa, yanapitishwa kwenye sumaku. Chuma kinakwenda huku, na kinachobaki ni tope linalotafuta bwawa la kukaa. Shimo likishapita usawa wa maji ya ardhini, pampu zinavuta maji usiku na mchana ili wachimbaji wasizame. Maji yale yalikuwa yanakwenda mahali fulani kabla ya pampu kuja. Pengine yalikuwa yanakwenda kwenye kisima chako.

Sheria imeyaona haya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 81, inamkataza mwenye mradi kuanza kabla ya tathmini. Kanuni za 2005, zilizorekebishwa 2018, zimeweka migodi mikubwa katika kundi lisilo na mjadala: tathmini kamili, hakuna njia ya mkato. Mwenye mradi anausajili kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Mtaalamu aliyesajiliwa anaandaa hadidu za rejea, yaani orodha ya nini kitachunguzwa na mpaka wapi, anachunguza, anaandika taarifa. Kamati ya wataalamu inaipitia na kutembelea eneo. Waziri mwenye dhamana ya mazingira anatoa cheti au anakinyima. Na leseni maalumu ya uchimbaji, ile ya migodi yenye mtaji wa kuanzia dola milioni 100, huombwa cheti hicho kikiwa mkononi. Hizo ndizo hatua. Ziko wazi kwa kila mtu, Afisa Mazingira wenu anazo, sitawachosha nazo.

Moyo wa taarifa nzima, kwa mtu niliyefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini, ni sura moja ambayo wasomaji huiruka kwa sababu ina majedwali mengi. Inaitwa hali ya awali. Inaeleza mahali palikuwaje kabla ya mgodi.

Mama zangu mtanielewa haraka kuliko wahandisi. Ukimpeleka mtoto kliniki, nesi anauliza kadi. Kadi ndiyo inayomwambia mtoto alizaliwa na kilo ngapi, mwezi wa tatu alikuwa wapi, mwezi wa sita wapi. Ukifika bila kadi, ukasema tu "mwanangu amekonda", nesi anamtazama mtoto, anakutazama wewe, anakosa la kuandika. Amekonda kutoka wapi? Hali ya awali ni kadi ya kliniki ya mto, ya chemchemi, ya hewa, ya ukuta wa nyumba yako. Na kadi haiandikwi mtoto akishaugua.

Nina kisa changu mwenyewe, na si cha kujivunia. Nilikuwa kijana, ndio kwanza nimeajiriwa na kampuni ya ushauri, na tulikuwa na mradi wa mgodi mbali sana na hapa. Tulifika kijijini alasiri, mwezi wa Machi, mto umejaa hadi kwenye mizizi ya miti. Tukachota chupa tatu. Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa barabarani tunarudi. Taarifa niliyoiandika ilisema mto una maji mengi na safi. Haikusema "mwezi wa Machi". Haikutaja hata kisima kimoja, kwa sababu visima vilikuwa upande wa pili wa kijiji na gari lilikuwa na haraka.

Miaka minne baadaye watu wa kijiji kile walilalamika kwamba kisima chao kikubwa kimekauka. Nikatumwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyelijua eneo. Tulikaa chini ya mwembe, wananchi, kampuni, Serikali. Mwanasheria wa kampuni hakugomba wala hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja tu: kabla ya mgodi, kisima hiki kilitoa maji kiasi gani? Mama mmoja akajibu, "Kilitutosha." Nikaulizwa mimi mtaalamu, na taarifa yangu ya kurasa mia tatu haikuwa na jibu. "Kilitutosha" ndiyo iliyokuwa takwimu pekee ya kisima kile duniani, na haikufaa mbele ya mwanasheria.

Kwa hiyo nikisema pimeni, nina deni.

Mpime nini? Anzeni na chemchemi na visima, vyote, kwa majina yake. Kupima kiasi cha maji hakuhitaji shahada. Ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha. Tega ndoo, hesabu sekunde mpaka ijae, andika tarehe, piga picha. Fanyeni hivyo mwishoni mwa kifuku, msimu wa mvua, na tena mwezi wa Oktoba au Novemba kabla mvua hazijaanza, maana huo ndio mwezi wa ukweli. Mtaalamu atakayeleta namba za msimu mmoja amewaletea nusu ya kadi.

Ubora wa maji unahitaji maabara, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Taarifa nyingi za migodi nchini mwetu ziliandikwa kwa ajili ya dhahabu. Mshauri mvivu, na wapo, huchukua taarifa ya mgodi wa dhahabu kutoka kwenye kompyuta yake, akabadilisha jina la wilaya. Mkiona jedwali la maji limejaa sianidi na zebaki, kaeni macho. Kutenganisha chuma kwa sumaku hakutumii sianidi. Tafuteni kwenye jedwali lile chuma, manganizi, salfeti, uchachu wa maji, kiasi cha tope linaloelea, na hasa vanadi, kwa sababu mawe ya Liganga yana vanadi na vumbi lake si rafiki wa mapafu. Kama vanadi haimo, mwandishi hakuja Liganga. Alikuja Ludewa mjini, akala samaki, akarudi.

Kuna kipimo kingine. Mwamba unaokizunguka chuma, na zaidi mwamba unaofunika makaa ya mawe, unaweza kuwa na madini ya salfaidi, yaani yenye salfa. Yakikaa chini ya ardhi yametulia. Yakitolewa juu yakapata hewa na mvua, yanatoa asidi, na asidi inayeyusha metali nyingine na kuteremka nazo. Kuna kipimo cha haraka kinachotoa dalili, na kuna kipimo cha kweli, ambapo mwamba uliosagwa unanyeshewa na kukaushwa maabara wiki baada ya wiki. Hicho huchukua wiki 20 au zaidi. Swali lenu basi ni jepesi: mwamba ulianza kupimwa lini, na taarifa imesainiwa lini? Hesabu ya vidole itawaambia kama kipimo kilifanyika.

Naona mzee wangu pale anatikisa kichwa. Anataka kusema mto si suala la Mundindi peke yake. Ni kweli, nami nilikuwa naelekea huko.

Maji ya huku yanateremka kwenda Ruhuhu, na Ruhuhu unamwaga Ziwa Nyasa, kule Manda. Samaki mbasa mnamjua. Kila mwaka mto ukijaa, mbasa anatoka ziwani anapanda Ruhuhu kwenda kutaga, na hatagi popote tu. Anatafuta changarawe safi yenye maji yanayokimbia, mayai yanaingia katikati ya vijiwe, yanapata hewa. Sasa fikirini rundo la magwangala lisilo na mfereji wa kukinga maji, na mvua ya Februari. Tope laini linateremka. Hakuna sumu yoyote ndani yake, maabara itasema maji yanakubalika, lakini tope limeziba changarawe na mayai yamekosa hewa. Mvuvi wa Manda atajua baada ya miaka mitatu au minne, nyavu zitakapokuwa nyepesi, na hatakuwa na jina la kumtaja. Taarifa ya mgodi wa chuma inayozungumzia sumu kurasa arobaini na tope nusu ukurasa imeishika mada kwa mkia.

Na ziwa lenyewe si letu peke yetu. Malawi wako ng'ambo, Msumbiji wako kusini. Maji yanatokea mto Shire, yanaingia Zambezi. Ziwa Nyasa ni refu kwenda chini na mlango wake wa kutokea ni mwembamba, kwa hiyo kinachoingia kinakaa miaka mingi sana. Hali ya awali ya mradi huu lazima ifike mpaka mdomoni mwa Ruhuhu, iwahusishe Wamanda na Wakisi wa kando ya ziwa, ijumuishe samaki, usipa na mbasa. Mshauri atasema hadidu za rejea zake zinaishia kilomita tano kutoka shimoni. Sawa, hadidu hupitiwa kabla hazijaidhinishwa. Andikeni barua wakati huo, maana zikishaidhinishwa mtakuwa mnabisha na ramani.

Nyumba nazo zina kadi. Baruti inatikisa. Nyumba za matofali ya kuchoma kwa udongo hupata nyufa hata bila baruti, kila fundi hapa anajua, na ndiyo maana kampuni husema ufa ulikuwepo. Pengine kweli ulikuwepo. Kabla ya mlipuko wa kwanza kila nyumba iliyo katika eneo la mtikisiko ipigwe picha kuta zote nne, ndani na nje, mwenye nyumba abaki na nakala yake. Siyo nakala ofisini. Nakala kabatini kwake.

Makaburi, sehemu za matambiko, na yale mavi ya chuma niliyoanza nayo, vyote viingie kwenye ramani. Msidhani ni mambo ya kizee. Mei 2020 huko Australia Magharibi, kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge ili ipanue mgodi wa chuma. Mapango yale yalikuwa na alama za watu walioishi humo miaka 46,000 iliyopita. Kampuni ilikuwa na kibali halali cha serikali. Dunia ikapiga kelele, mkurugenzi mkuu akaondoka, na mapango hayakurudi. Sisi hapa tunaye mhunzi aliyeyeyusha chuma kilekile cha mlima uleule. Ningependa shimo lisimpitie kabla hata hatujajua tanuri zake zilikuwa wapi.

Nije kwenye bwawa la tope, kwa sababu hili huua.

Brazil wanachimba chuma kuliko karibu nchi zote. Tarehe 5 Novemba 2015 bwawa la Fundão karibu na mji wa Mariana lilipasuka. Kijiji cha Bento Rodrigues kikafunikwa, watu 19 wakafa, tope likafuata mto Doce zaidi ya kilomita 600 mpaka Bahari ya Atlantiki. Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo hakuna aliyelala. Tarehe 25 Januari 2019, katika jimbo hilohilo la Minas Gerais, bwawa la Brumadinho likaondoka saa ya chakula cha mchana. Watu 270 wakafa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mgodi wenyewe, kwa sababu kantini na ofisi zilijengwa chini ya bwawa. King'ora hakikulia. Na miezi michache kabla, wakaguzi walikuwa wametia saini kwamba bwawa ni imara.

Mabwawa yote mawili yaliinuliwa kwa kujengea ukuta mpya juu ya tope la zamani. Ni rahisi, ndiyo maana yalipendwa. Tope likilowa sana linageuka uji ghafla, na ukuta unakuwa umesimama juu ya uji. Baada ya Brumadinho Brazil ilipiga marufuku ujenzi wa aina hiyo.

Kwetu tumepata onyo la bei nafuu. Novemba 2022 bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, Kishapu, lilibomoka, tope likaingia kwenye mashamba na makazi ya watu. Na mwaka 2019 NEMC iliupiga mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa lake la topesumu kuvujisha. Kwa hiyo mkiona kwenye taarifa ya Liganga sentensi inayosema "bwawa litajengwa kwa viwango vya kimataifa", muulizeni mwandishi: ukuta utainuliwa kwa njia gani? Likipasuka, tope litafika wapi na kwa dakika ngapi? Naomba ramani. Ramani hiyo hutengenezwa kwa kompyuta na kila mhandisi wa mabwawa anajua kuitengeneza. Kisha muangalie kama kuna shule, zahanati, soko au kantini ndani ya mstari. Huku kwetu kuna miteremko mikali na mabonde membamba. Tope halitasambaa kama lilivyosambaa Kishapu, ambako ni tambarare. Litakimbia.

Kuna jambo hunikera katika mfumo wetu na nitalisema hapa mbele ya waheshimiwa. Tathmini hufanywa mradi kwa mradi. Liganga ina taarifa yake, Mchuchuma yake, Maganga Matitu na Katewaka, miradi mingine ya chuma na makaa humu wilayani, kila mmoja yake, njia ya umeme yake, barabara yake, na reli ikija nayo itakuwa na yake. Kila taarifa itasema athari kwa Ruhuhu ni za kiasi na zinadhibitika. Lakini mto ni mmoja, nao hausomi taarifa moja moja. Sheria ya 2004 imeweka tathmini ya mazingira ya kimkakati, inayotazama sera na mipango mikubwa kwa pamoja badala ya mradi mmoja. Baraza la madiwani lina haki ya kuuliza kama bonde zima la Ruhuhu limefanyiwa. Mimi ningeuliza kwa maandishi, nikaomba jibu kwa maandishi.

Sasa mikutano ya hadhara. Mtaitwa. Patakuwa na turubai, soda, na posho kidogo ya nauli. Na patakuwa na karatasi ya mahudhurio, jina, sahihi, namba ya simu. Karatasi ile itakwenda kuambatishwa mwishoni mwa taarifa. Nimeona kwa macho yangu, na nina aibu kusema nimeshiriki, sahihi za watu waliopokea nauli zikigeuka kuwa ushahidi kwamba "wananchi walishirikishwa na waliridhia". Hakuna aliyedanganya waziwazi. Watu walikuwepo, walisaini, hawakupinga. Kutopinga kwa mtu ambaye hajaelewa tukakuandika kuwa kuridhia.

Dawa yake ni ndogo. Juu ya karatasi iandikwe "mahudhurio tu". Mtendaji wa kijiji aandike muhtasari wake mwenyewe, kila swali na aliyeuliza, usomwe kabla watu hawajatawanyika, ugongwe muhuri wa kijiji, na nakala ibaki kijijini. Mikutano ya akina mama iwe ya peke yao angalau mara moja, kwa sababu anayejua chemchemi inayokauka ni anayechota. Na daini muhtasari wa Kiswahili. Siyo hisani. Kanuni zinataka taarifa iwe na muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na Kiingereza. Usome ule wa Kiswahili. Ukiona Kiswahili chake hakieleweki hata kwa mwalimu wa sekondari, urudisheni.

Kijana mmoja aliniuliza asubuhi nje ya ukumbi kama mimi napinga mgodi. Hapana. Nchi inayojenga reli na madaraja kwa chuma cha kuagiza huku imekalia tani milioni 126 ina haki ya kuchimba, na vijana wa Ludewa wana haki ya ajira isiyo ya kukata mbao msimu hadi msimu. Nachopinga ni kuanza kuchimba kitu ambacho hatujakiandika. Na kwa kampuni makini, kadi hii inailinda pia. Kisima kikikauka kwa ukame, namba zitasema ni ukame.

Kuhusu kufunga mgodi nitakuwa na maneno machache, nimeona Mwenyekiti ameshika kirungu. Mpango wa kufunga mgodi huandikwa kabla ya kuufungua, na sheria inamtaka mwenye mgodi aweke dhamana ya fedha ya kurekebisha ardhi. Ulizeni dhamana ni kiasi gani, iko wapi, na itahesabiwa upya kila baada ya miaka mingapi. Ulizeni udongo wa juu utatunzwa wapi, kwa sababu udongo uliochanganywa na magwangala hauoti kitu. Na ulizeni shimo litakuwa nini pampu zikizimwa. Litajaa maji. Litakuwa ziwa lenye kingo za wima, na watoto wa wajukuu wenu watataka kuogelea.

Mtu mmoja ataniambia taarifa za nyuma zilishapima haya yote. Kama zilipima, tuzione. Lakini namba zilizochukuliwa miaka kumi na zaidi iliyopita ni kadi ya mtoto aliyekwisha kuwa kijana. Tangu wakati ule misitu ya kupanda imeongezeka, watu wameongezeka, vyanzo vingine vimehama. Zirudiwe, na zile za zamani ziwekwe pembeni yake tulinganishe.

Nimemaliza dakika zangu, nadhani nimekula na za mwenzangu. Afisa Mazingira wa wilaya na mimi tunakwenda Mundindi kesho. Tutaondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi. Tunazo ndoo tatu za lita 20, chupa za maabara ishirini na nne zenye barafu, na daftari la jalada gumu ambalo litabaki kwa mtendaji wa kijiji, siyo kwangu. Tunahitaji watu wawili au watatu wanaojua chemchemi ambazo hazikauki mwezi wa Novemba, na majina yake ya Kipangwa, kwa sababu kwenye ramani niliyo nayo nyingi hazina jina. Mama yule wa kitambaa cha kijani amenyoosha mkono. Nani mwingine?